Wazee Hawajazi Hapo

Jumanne, 11 Machi

Tumefika! Chumba namba 14, vitanda vitatu, dirisha moja linalotazama ukuta wa mawe. Babu ameutazama ukuta huo kwa dakika kumi bila hata kuvua koti. Kasema umenyooka kuliko watu wengi anaowajua.

Bibi amelala na viatu. Kiganja changu bado kina alama za kucha zake. Ndege kila ikitikisika: "Mke mwenzangu, usiniachie!" Kwa sauti! Abiria wa mbele wakageuka. Nilitaka kiti kinimeze. Na Babu, macho kafumba, eti: "Mwachie, mchumba. Akipotea nabaki na wewe."

Mpango ni huu: siku tatu katika mji huu wa kale, halafu Ijumaa jioni ndege ya pili mpaka kwa Ba'mkubwa. Ni yeye aliyepanga tupitie hapa. Alisema wazazi wake hawajawahi kutembea pamoja tangu waoane, safari zao zote zilikuwa misiba na hospitali, basi nao waone minara ya watu. Mimi ni mkalimani. Nikiwafikisha nakaa wiki moja, narudi dahalia.

Sasa la mapokezini. Lazima niliandike.

Yule dada wa mapokezi alitupa fomu tatu. Nikazijaza zote, maana ni lugha ya shule. Jina. Unatoka wapi. Unaelekea wapi. Utarudi lini nchini kwako. Yangu nikaandika 23 Machi. Zao nikapiga mstari.

Babu alikuwa nyuma yangu, miwani puani. Lugha hajui, lakini huyu ni fundi mwashi, pengo halimpiti.

"Mbona kwako kuna tarehe na kwetu kuna mstari?"

Nikasema — sijui neno lilitoka wapi — "Wazee hawajazi hapo, Babu."

Akafurahi! Akamgeukia Bibi: "Umesikia? Huku mzee anaheshimiwa. Haulizwi unarudi lini."

Tiketi ziko kwenye pochi yangu ya shingoni. Yangu ni kwenda na kurudi. Zao ni kwenda tu.

Basi, nimeandika. Hawarudi. Wao wanajua miezi mitatu. Baba na Ba'mkubwa wameshaamua wakae kule moja kwa moja. Si kwa ubaya! Mwaka jana Babu alianguka kutoka kwenye ngazi, akalala chini tangu asubuhi mpaka adhuhuri, Bibi yuko kliniki. Na mimi niliyekuwa nikiishi nao nimehamia dahalia tangu Januari. Yaani wa kwanza kuwaacha ni mimi.

Baba aliponivisha pochi alisema, wakifika kaka yake atawaambia taratibu, watazoea. Halafu akanishika kichwa: "Nimekuchagua wewe kwa sababu huna maneno mengi."

Nilidhani ananisifu.

Jumatano, 12 Machi

Leo daraja. Matao kumi na mawili juu ya mto, na watu wengi kama siku ya matokeo. Kiongozi wetu ni msichana mwenye mwavuli wa njano. Anaunyanyua juu tumfuate, na jua linawaka!

Babu hakufuata mwavuli. Alishuka kwenye ngazi za pembeni mpaka chini ya tao la kwanza, akaanza kuligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama daktari. Nikamkimbilia. "Hakuna nondo humu! Hakuna saruji! Kila jiwe limemwegemea mwenzake tu. Toa moja, yote mtoni." Akamtazama Bibi juu kwa macho ya huba. "Kama sisi, mama."

Bibi akajibu kutoka juu: "Mimi nimekuegemea lini? Wewe ndiye unayeniegemea, na kiuno kinaniuma."

Wageni wawili wakapiga picha. Hata hawakuelewa neno, lakini walicheka.

Halafu kiongozi akasimulia habari za mafundi waliolijenga. Walitolewa mbali, wakaambiwa kazi ni ya miaka miwili. Ikawa ishirini. Wamezikwa ng'ambo ile, hakuna aliyerudi kwao. Alisimulia vizuri, kwa mikono. Nikatafsiri: "Mafundi walitoka mbali."

Bibi akanikazia macho. "Yeye kasema mpaka kakaukiwa mate. Wewe umeniletea maneno matatu. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Ni tarehe tarehe tu, Bibi."

"Hm."

"Hm" ya Bibi naijua. Ni mlango unaorudishwa bila kufungwa.

Mchana tulikula kwenye benchi, mkate na mayai. Babu anachora kwenye karatasi ya mkate. Nikadhani ni daraja. Ni chumba cha nne! Chumba anachokijenga nyumbani, kimefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Anataka mlango wake sasa uwe na tao. "Tukirudi naanza na mlango, paa baadaye. Mchumba akifunga shule akute chumba chake, aache kulala na huyu mkoromaji."

"Mimi nakoroma?"

"Mama, ndege nzima ilijua."

Akanipa ile karatasi nimtunzie. Nimeitia kwenye pochi. Hakukuwa na mahali pengine.

Ujumbe wa Baba: Umewaambia chochote? Nikajibu hapana. Akaandika: Ahsante mwanangu. Usiku silali, namwona mzee juu ya ngazi.

Namwonea huruma Baba. Nawaonea huruma wote. Huruma zangu hazina faida kwa mtu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Jumba la makumbusho limefungwa kwa matengenezo — Babu kasema hata wao lenta zinawashinda — tukarudi hotelini.

Na pale mapokezini! Alikuwapo mzee mmoja, mkongwe, mkongojo huku, mkewe kule. Umri wake Babu na nusu. Anajaza fomu. Ile ile. Mwenyewe. Akafika kwenye lile swali la utarudi lini, akaandika tarehe. Tarakimu nne, taratibu, moja moja.

Babu alikuwa anakung'uta kofia, hakuona. Bibi aliona. Tarakimu ni tarakimu kila mahali.

Akasema polepole, kama anazungumza na mvua: "Yule ni kijana, sivyo?"

Nikapanda ngazi mbiombio kama nimebanwa na haja.

Alhamisi, jioni

Babu alisinzia. Bibi akaniita nikae sakafuni kati ya magoti yake, anisuke upya. Vidole vyake ni vilevile, ila vimekuwa vikavu kidogo. Alianza na habari za kuku. Ameacha kuku tisa na jogoo kwa jirani, na maagizo: yule mwekundu asichanganywe na wenzake, ana roho mbaya. Nikawa naitikia, ndiyo Bibi, ndiyo.

Akagawa nywele kwa kitana, mstari mrefu mpaka kisogoni.

"Ulipokuwa na miaka minne ukivunja kitu hukimbii kama watoto wenzio. Unakuja kukaa karibu yangu. Karibu kabisa, mpaka nakosa pa kuweka mguu. Nikikuona hivyo najua, niende jikoni nikahesabu vikombe."

Nikashika pochi ya shingoni.

"Toka juzi umenigandia kama kupe. Umevunja nini?"

Babu akageuka kitandani. Bibi akasubiri. Akasuka msuko mzima, mwanzo mpaka mwisho. Machozi yakaniingia puani, nikasema nywele zinavuta.

"Basi nitalegeza," akasema. Akalegeza. Hazikuwa zinavuta.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano asubuhi. Niko kwenye benchi chini ya mnara wa saa. Mizigo iko mapokezini, gari la kiwanjani linakuja saa tisa. Bibi yuko hapa kando yangu. Bibi kasema andika tu.

Nimemwambia.

Babu alipanda mnara na kundi la mwavuli. Bibi akagoma, magoti. "Panda wewe, ukifika juu nipungie, nijue bado nina mume." Wakaondoka, tukabaki wawili. Njiwa. Mtu anafagia. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaanza — na maneno yakatoka kwa lugha ya shule! Yote, kama nasoma risala. Bibi akaniacha nikamaliza sentensi mbili nzima.

"Sasa sema kwa lugha niliyokulelea."

Nikasema. Kwa ile lugha ni fupi mno. Bibi, hamrudi. Tiketi zenu ni za kwenda tu. Baba na Ba'mkubwa wamepanga. Mimi nilijua.

Nilitegemea kofi. Au kilio. Alitazama viatu vyake kwa muda mrefu.

"Na yako wewe inarudi?"

"Tarehe ishirini na tatu."

"Peke yako ndani ya lile dude?" Akanishika kiganja, akakigeuza, akazitazama alama za kucha zake. "Likitikisika utamshika nani?"

Hapo ndipo nilipolia. Mbele za watu, mimi ambaye hata mkono siunyooshi darasani. Akanifuta kwa ncha ya mtandio wake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

Halafu hasira zikafika. Zilichelewa njiani tu.

"Kuku wangu?"

"Jirani... amepewa moja kwa moja, Bibi."

"Amepewa! Ndiyo maana alinikumbatia vile! Akalia na kulia. Nikajiuliza, huyu mwanamke kaanza kunipenda lini?" Akacheka, kicheko kibaya, kikamgeuka katikati. "Miaka hamsini na mmoja nimekaa na yule mwanamume. Sijawahi kumwondolea hata kiti bila kumwambia simama. Wanangu wameniondolea nyumba."

"Wanaogopa Babu ataanguka tena."

"Na mimi naogopa! Wanadhani siogopi? Nalala nimemshika shati. Lakini wangeniuliza. Pengine ningesema ndiyo. Sasa hawatajua kamwe kama ningesema ndiyo."

Juu kwenye mnara, dirisha la pili kutoka chini, mkono ukatokea unapunga kofia. Bibi akasimama haraka, akapunga kwa mikono miwili, uso wote umechanua. Nilimtazama anavyougeuza uso. Kama kugeuza chapati. Mkono uliporudi ndani, akaketi.

"Babu yako anajua?"

"Hajui. Anadhani ni heshima. Ule mstari."

"Mjinga wangu," akasema. Kwa upole kiasi kwamba nilitazama pembeni.

Dirisha la tatu. Kofia. Tukapunga.

Nikamuuliza tufanye nini. Nikasema kiwanjani kuna dawati la watu wa ndege, tiketi huwa zinabadilishwa, lakini lazima kuzungumza nao, na huwa kuna foleni, na mimi naona haya.

"Haya utaiona kesho. Leo utanisemea. Neno kwa neno, usiniletee matatu."

"Tuwaambie mnarudi nyumbani?"

"Nimesema narudi? Sijasema narudi, sijasema naenda. Atashuka, aketi, apewe maji anywe. Halafu nimuulize. Yeye aniulize mimi. Tuulizane kama watu wenye akili zao. Tukimaliza utasikia cha kusema."

Simu imelia mara mbili, Baba. Bibi ameitazama ikitetemeka kwenye paja langu. "Mwache. Naye aonje kungoja."

Sasa Babu yuko juu kabisa. Kadogo! Hapungi. Kaweka viganja vyote viwili ukutani, anatazama mbali, upande wa mto. Sijui anaona nini. Bibi naye hampungii, anamtazama tu. Kasema kama anajisemea: mwacheni ashibe kwanza.

Saa sita kamili. Kengele imepiga, njiwa wote juu. Kundi limeanza kutoka mlangoni, mwavuli wa njano mbele. Babu bado.

Bibi amekaza mtandio. Ameniuliza kama macho yake ni mekundu. Nimesema kidogo. Kasema yangu ni mabaya zaidi, basi tutasingizia vumbi.

Huyo hapo. Ametoka wa mwisho. Mikono myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko, lazima amepapasa kila jiwe. Anacheka peke yake, anatutafuta, ametuona — "Mchumba! Kalamu! Kalamu upesi, kabla sijasahau!"

Bibi amesogea pembeni, ameacha nafasi katikati yetu, anaipigapiga kwa kiganja, Babu aketi —