Fundi Aliyechagua Ruta ya Nyumbani Kwetu

Maskati

Mke wangu Zuhura, Mama Salma,

Assalaam alaykum. Barua hii ikukute u mzima, wewe na binti yetu, na mgongo usiwe unakusumbua tena kwa kuinamia cherehani. Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Joto la huku limeanza kupungua na kazi ya ghalani inakwenda. Raha ndiyo sina. Leo ni siku ya kumi na moja hupokei simu yangu, na najua mwenye kosa ni mimi. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, nimpe Hamisi wa Ubena, tunayelala naye chumba kimoja, ambaye anarudi nyumbani wiki hii.

Unajua mimi nashinda na maboksi ya ruta, hivi vifaa vya kusambaza mtandao nyumbani: nayapokea, nayapanga, nayatoa kwenda dukani. Basi ulipolalamika kwamba mtandao unakatakata, wateja wako hawapati picha za vitambaa na Salma hawezi kufuata masomo yake, nilijiona mwenye elimu. Nikachagua ile kubwa yenye antena sita, nikaituma. Ukanipigia: "Baba Salma, imekataa laini ya huku. Fundi kasema imefungwa, inakubali laini za kampuni ya huko huko tu."

Hilo nililimeza. Lakini halikuwa la mwisho. Fundi kasema hata ingekubali, wingi wa antena si hoja, kinachotazamwa ni nyumba yenyewe na watu wanaoitumia. Fundi kasema kwa watu wachache kama nyinyi inatosha ndogo ya laini, ilimradi iwe na masafa mawili: moja la kasi kwa aliye karibu, jingine la taratibu linalopenya kuta. Fundi kasema isifichwe nyuma ya kabati, ikae juu, katikati ya nyumba. Fundi kapima ukumbini, fundi kapima jikoni. Siku uliponiambia kapima na chumbani kwetu, nilikuuliza, "Chumbani kafuata nini?"

"Mtandao," ulisema. "Huko ndiko unakofia."

"Na baada ya hapo?"

"Akala, akasali, akaenda zake. Ningemwacha na njaa?"

Tangu siku hiyo nikawa na mtu kichwani. Nikamchora mwenyewe: kijana mrefu, ndevu kachonga, ananukia, anacheka kwa sauti ya chini. Nikawa nakupigia saa ambazo hukuzitarajia, nisikie yupo nani. Mara moja nikakukuta unacheka, nikauliza kuna nini, ukasema ni maneno ya fundi tu. Ndipo nikatamka yale: "Basi mwambie huyo fundi wako akuoe, maana nyumba kashaijua." Nilikusikia ukivuta pumzi. Kisha simu ikakatika, na safari hii haukuwa mtandao.

Sasa nikuambie aibu yangu yote. Nilimtuma mdogo wangu Idi atoke Msata aje akuchunguze. Ule mkaa aliokuletea ulikuwa kisingizio, na nilimfundisha mimi. Alinipigia kwa picha akiwa ukumbini kwako, ananong'ona.

"Kaka, fundi yupo. Kapanda ngazi, anapigilia kibao cha kuwekea ile ruta ndogo aliyowachagulia."

"Amevaaje?"

"Kajifunga kanga kiunoni."

"Kanga ya nani?"

"Yake, kaka. Fundi mwenyewe ni Bi Chausiku. Mtu mzima, ana wajukuu."

Nilikaa juu ya boksi. Wewe kila siku ulisema "fundi", mwanamume nikamtia mimi. Idi akakuuliza kwa nini hukunieleza, na neno moja tu lingemaliza yote. Amenifikishia jibu lako: "Aliyeniuliza vile hakutaka jibu. Alitaka kosa." Nimelirudia moyoni kila siku.

Idi alinigeuzia simu nikamsalimu Bi Chausiku. Naye, bila kujua lolote, akaniambia, "Nyumba yako nzuri, baba, ila ukuta wa kati tofali zake nene, unakula mtandao. Chumba cha nyuma ndicho kilichonihangaisha." Picha haikuganda hata mara moja. Nikaona ukuta wa kijani ambao sikuichagua rangi yake. Nikaona pazia jipya. Nikamwona Salma akipita na ndoo, kumbe kimo chake kimeshafika begani kwako.

Nilidhani nikijua fundi ni mwanamke, wivu utakwisha. Haukwisha, Zuhura. Nyumba hiyo ya Nianjema nimeijenga kwa simu, tangu msingi mpaka bati, na sijalala humo hata siku moja. Bi Chausiku anazijua kuta zake. Idi anaingia na kutoka. Wateja wako wanajua kiti unachokalia ukishona. Mwenye nyumba ni mimi, na mgeni ni mimi. Nawaonea wivu wote hao, tena kwa uchungu, lakini aliyeupokea ni wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia simu. Nisamehe. Neno lile nimelitubu mbele ya Mungu, na nalitubu mbele yako.

Ruta ya Bi Chausiku ibaki palepale alipoipigilia. Nimeomba likizo nije kabla ya Ramadhani, na bosi amekubali. Mpaka hapo sikulazimishi kupokea simu. Ila niandikie kwa mkono wako jambo ambalo sitaki kuambiwa na Idi wala na mtu mwingine: asubuhi jua linaingilia dirisha la chumba gani, na wewe wakati huo unakuwa umekaa wapi.

Mama yangu mpe shikamoo, umbusu mikono. Mkwe wangu, baba yako huko Mkange, mfikishie shikamoo, na kama umeshamweleza niliyosema, mwambie sikatai kosa langu. Idi mshukuru kwa mkaa, ambao sasa naamini unafaa kupikia. Salma mwambie baba yake amemwona. Bi Chausiku naye msalimu, mwambie picha ilifika safi.

Ni mimi mumeo, mwenye wivu na mwenye kukutaka radhi,

Rajabu