Siku Tuliyonyamazisha Ngoma Machimboni

Songwa, Kishapu

Kwako Baba Zuhura,

Assalaam aleikum. Barua hii uisome ukiwa umekaa, na ukiwa peke yako. Mimi ni mzima, kina mama wote tuliosafiri nao ni wazima, na mdogo wako Hamisi ni mzima. Hilo nimelitanguliza ili moyo wako utulie kabla sijaendelea. Na ninyi huko? Mikorosho umeshaipulizia? Vumbi la salfa halijakurudisha kwenye kukohoa? Zuhura naye, tumbo limeshuka au bado? Nikimpigia ananijibu hajambo tu, kama mtu anayeitikia salamu njiani, wakati mimi mama yake nataka kujua kama miguu imevimba.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, mume wangu, unaipokelea pale kijiweni kwa sauti kubwa na wacheza bao wote wanasikiliza. Haya sitaki wayasikie kabla wewe hujayafikiria. Barua nampa kondakta wa basi la Dar es Salaam, ni mtu wa kwetu Newala, ameniahidi itafika mkononi mwako.

Nianze na safari. Kahama tulipiga ngoma karibu na Buzwagi, sokoni. Watu walijaa, wakacheka walivyoona viuno vya kina mama watu wazima vinavyozunguka, wakapiga picha kwa simu zao, halafu wakaondoka. Waliotutunza ni wachache. Tulilala kwenye madarasa ya madrasa ya msikiti mmoja, wenyewe walitukaribisha vizuri, lakini asubuhi ilikuwa uji mwembamba na safari. Kina mama walianza kunong'ona kwamba tumetoka Mtwara yote kuja kuaibika kwa Wasukuma. Bi Sharifa, kiongozi wetu, akawaambia, "Mlidhani wodi ya wazazi inaezekwa kwa kulala nyumbani? Kuta zimefika usawa wa bati kwa jasho la watu. Sisi tumeombwa bati tu."

Ndipo Hamisi akapiga simu. Akasema, "Shemeji, njooni huku, mbele kidogo ya Buseresere. Wachimbaji wamepata mwamba wa dhahabu, hela ipo, na bosi wangu anapenda ngoma. Watu wa huku wakifurahi wanatunza mpaka unaona aibu kupokea." Tukaenda. Sikukuona ubaya wowote, naye sidhani kama aliuona.

Machimbo yale, Baba Zuhura, si mji na si kijiji. Ni vibanda vya turubai, vumbi jekundu, makarasha yanayosaga mawe kutwa, na mashimo kila upande. Shimo la kuchimbia wanaliita duara. Bosi wa Hamisi, mtu mmoja wanamwita Mayunga, ana duara kubwa kuliko yote pale. Ni mtu wa maneno laini. Alitupa chumba, akatuchinjia mbuzi, akamsikiliza Bi Sharifa akieleza jinsi wanawake wa kwetu wanavyobebwa kwa pikipiki usiku kupelekwa hospitali, na wengine hawafiki. Bi Sharifa akamtaja na dada yako Fatu. Yule mtu akafuta macho. Kesho yake mchana, mbele ya umati mzima, akachukua maiki akasema, "Bati za wodi hiyo zote ni zangu. Zote. Lori nitalilipa mimi." Kina mama walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mimi nililia. Nilimwona Zuhura amelala kwenye kitanda kisafi, chini ya paa, na mkunga pembeni.

Tukapiga ngoma siku ile kuliko siku zote. Wachimbaji waliacha kazi wakaja uwanjani. Noti walitubandika usoni, wakatuwekea kwenye vilemba.

Katikati ya ngoma nilitoka kwenda kunywa maji. Nyuma ya jukwaa kuna banda la mama mmoja anayewapikia wachimbaji wa Mayunga, anaitwa Mama Kulwa. Asubuhi tulikuwa tumetaniana naye sana, ananifundisha kusema "wabeja", ndiyo asante yao, na mimi namfundisha ya Kimakonde. Nilimkuta amekaa chini, sahani tatu za ugali zimefunikwa mbele yake, analia bila kutoa sauti. Nikamuuliza kulikoni.

Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, watatu hawajaja kula. Mdogo wangu Masanja yumo. Nimeenda kule duarani, wamenifukuza. Winchi imesimama. Nimeona vumbi linatoka shimoni, na halikuwa la kuchimba."

Duara lile lilikuwa limefungwa na watu wa ofisi ya madini kwa sababu ya mvua. Kuta zimelowa. Sote tuliiona alama nyekundu waliyoiweka. Kumbe Mayunga alikuwa amewashusha watu watatu kimyakimya, na duara likatitia wakiwa chini.

Nikaanza kwenda huko. Hamisi akanikatia njia. Sijawahi kumwona vile mdogo wako. Jasho linamtoka na midomo imekauka.

"Shemeji, rudi ukaimbe," akaniambia.

"Kuna watu chini?"

"Bosi ameweka watu, wanafukua. Wakijua watu wa serikali, duara linachukuliwa na sisi wote tunafungwa. Ametuma niwaambie msisimamishe ngoma. Umati ubaki uwanjani."

"Ameweka watu wangapi?"

Nikamsukuma, nikachungulia nyuma ya uzio wa mabati. Kulikuwa na vijana wachache na makoleo, wanatupa kifusi huku wanaogopa kukanyaga. Na uwanjani kwetu kulikuwa na mamia ya wanaume wanaojua kazi ile, wenye kamba na magogo, wanacheza.

Hamisi alinishika mkono. Alisema, "Shemeji, fikiria bati. Fikiria Zuhura. Ukisema, hupati hata moja. Na mimi nitakwenda wapi?" Alisema hivyo, sikufichi. Na nisikufiche pia kwamba nilisimama. Sijui nilisimama kiasi gani. Ngoma zilikuwa zinalia nyuma yangu na mimi nimemtazama mdogo wako, nikijiambia labda wale vijana watawatoa, labda tukimaliza wimbo huu watakuwa wameshatoka. Kisha nikamsikia Mama Kulwa analiita jina la mdogo wake, taratibu, kama anamwamsha usingizini. Nikaondoka.

Nilipanda jukwaani nikamwambia Bi Sharifa sikioni. Hakuacha kucheza mara moja. Akaniuliza, "Una hakika, Somoe?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akamtazama Mayunga, aliyekaa kwenye kiti cha mbele anatabasamu na kutikisa kichwa kwa mdundo. Halafu akainua mkono, na wapiga ngoma wakanyamaza.

Akanipa maiki. Akaniambia, "Sema wewe uliyeona. Hatuwezi kuezeka wodi ya kuzalia watu kwa kufukia watu."

Nilisema tu, "Ndugu zangu, duara la hapo nyuma limetitia. Kuna watu watatu chini. Mmoja anaitwa Masanja. Wanahitaji mikono yenu." Sikusema zaidi. Uwanja wote ukageuka. Waliangusha uzio. Mayunga alisimama akasema mambo ya uongo, mambo ya walevi, lakini hapakuwa na wa kumsikiliza.

Wanaume wale walijipanga bila kuambiwa. Wengine walileta magogo ya kuzuia kuta, wengine kamba, wengine walipokezana ndoo za kifusi. Jenereta la mashine ya hewa lilikuwa limezimwa, funguo hazionekani, wakaja kubeba jenereta letu la spika wakalifunga hapo. Ndipo walipotafuta mtu mwembamba wa kushuka, anayeijua njia ya ndani. Hamisi akavua shati.

Nilimwita. Aligeuka akasema, "Mimi ndiye ninayejua walipo, shemeji. Nilikuwepo walipowashusha." Akafungwa kamba kiunoni, akaingia.

Baba Zuhura, nilikaa pembeni ya shimo lile na Mama Kulwa, tumeshikana mikono, na nilikuwa najiuliza nitakwambia nini. Kila kamba ilipotikisika nilidhani ndiyo mwisho. Wingu la mvua lilikuwa limejikusanya upande wa ziwa na wanaume walikuwa wanalitazama huku wanafukua. Mvua ingeshuka, pale pasingebaki kitu.

Haikushuka. Jua lilikuwa bado halijazama walipomtoa Masanja, mguu umevunjika lakini anaongea. Wa pili akafuata, hana nguvu ila anapumua. Wa tatu, kijana wa hapa Songwa anayeitwa Jilala, Hamisi alipanda naye akiwa amemfunga mgongoni kama mtoto. Alikuwa amekwisha. Waliokuwa naye walisema alikuwa hai kwa muda mrefu, akigonga jiwe ili wasikiwe, na ngoma zikawa zinalia juu.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kwamba aligonga, na ngoma zilikuwa zetu.

Jioni tulipotaka kuondoka tulikuta ngoma zote zimechanwa ngozi kwa kisu, na fedha tulizotunzwa hazipo. Polisi walikuja, wakachukua maelezo yangu na ya Hamisi. Hamisi alieleza yote, hata yale yanayomchoma mwenyewe. Wachimbaji walichanga, wakakodi gari la kumrudisha Jilala kwao, wakatuomba tumsindikize. Ndiyo maana naandika kutoka Songwa. Tuliimba mazikoni bila ngoma, kwa makofi. Baba yake ni mfugaji, mtu wa maneno machache. Alimwita Hamisi, akamkalisha mbele ya watu, akamuuliza, "Wewe ndiye uliyenitolea mwanangu?" Hamisi akajibu, "Mimi ndiye niliyekuwa nazuia asitolewe, mzee, kabla sijamtoa." Mzee alimtazama sana. Mwisho akasema, "Kaa ule." Si zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo Hamisi anakwenda naye kunywesha ng'ombe kila asubuhi, na sijui wanaongea nini.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike. Jana alikuja mtu na pikipiki, katumwa na Mayunga. Alizungumza kwa heshima, shikamoo kwa Bi Sharifa, pole za msiba. Kisha akasema bati zipo, zimeshanunuliwa, na lori liko tayari kuja Newala. Ila mimi na Hamisi turudi polisi tu, tukaseme hatukuona vizuri, kwamba wale watatu waliingia shimoni wenyewe kwa wizi. Bi Sharifa akamwambia tutajibu tukishakula. Tukala. Hakuna aliyemaliza chakula chake. Mama mmoja, sitamtaja, alisema, "Aliyekufa amekufa, wa kwetu bado hawajazaliwa." Hakusema kwa ubaya. Ana binti kama wetu. Bi Sharifa akamwacha amalize, kisha akamuuliza kila mmoja. Nilipofikiwa mimi nilimtazama Hamisi. Akasema, "Shemeji, mimi nimeshasema kweli mara moja. Sina nguvu ya kuisema mara ya pili nikiwa nimeifuta."

Tukamrudisha mtu wa pikipiki na jibu la hapana. Akavaa kofia yake, akasema, "Bosi anamjua mwenyekiti wa kijiji chenu. Namba mlimpa wenyewe."

Ndivyo ilivyo, mume wangu. Tulimpa wenyewe, siku ile ya mbuzi. Kwa hiyo atapiga huko. Atasema kina mama wamekubali, atasema sisi tuna kiburi, atasema lolote. Huenda ameshapiga. Na najua naomba nini. Wewe ndiye uliyembeba Fatu mikononi pale barabarani, pikipiki imezima. Zuhura naye siku zake zimekaribia. Mpeleke mjini sasa hivi, akae kwa shangazi yake karibu na hospitali, usingoje uchungu umshike. Uza mbuzi wa nauli, hata yule dume. Sisi tutaendelea kuimba hapa Kishapu na Shinyanga. Mzee wa Songwa ametupa ngozi, wapiga ngoma wanazianika. Itachukua muda, na paa halitamuwahi mtoto wetu.

Hamisi anaomba kurudi nyumbani. Anaogopa kukuomba wewe mwenyewe, kwa hiyo nimemjibu kwa niaba yako kwamba aje. Kama hukubali, umwambie wewe, mimi siwezi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie mwanawe mdogo yu mzima na anakula, mengine atamweleza mwenyewe akifika. Msalimie wifi yangu anayemchotea maji, na mjomba wangu wa kamati ya ujenzi, yeye msomee barua hii yote, maana ndiye atakayeulizwa. Jirani yetu fundi cherehani mwambie sare zimefika salama. Zuhura mbusu tumboni kwa niaba yangu, hata akicheka.

Na lori likifika kijijini kabla yetu, lisimamishe barabarani, hata ukiwa peke yako. Msishushe bati hata moja.

Mimi mkeo,
Somoe