Gemu Itakayochezwa Mahakamani Jumanne

Gitega, Alhamisi

Dada Rebeka,

Karani wa mahakama ameniambia leo asubuhi kwamba kesi ya Fikiri itasikilizwa Jumanne, na kwamba hakimu ameagiza televisheni, mashine ya gemu na kipaza sauti viletwe mahakamani siku hiyo. Mwanao ni mzima. Hajapigwa. Nimemwona jana, nimemwona na leo. Nimeanza na hayo kwa sababu najua ungeziruka salamu zote ukiyatafuta.

Sasa ndiyo nikusalimu. Hamjambo huko Buhinyuza? Goti la shemeji linaendeleaje, bado linamsumbua akipanda kilima? Maharage yameshika, au mvua imewachezea tena? Mimi ni mzima, nakula, nalala kidogo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu unayotumia ni ya jirani, naye huwa anaiweka kwenye spika ili uani kote wasikie. Haya si ya uani. Soma kwanza peke yako, kisha umsomee shemeji.

Ulijua Fikiri anafanya kazi "kwenye mashine". Hakukudanganya, ila hakukueleza yote. Kuna mfanyabiashara hapa anaitwa Hamisi, ana kibanda cha mabati nyuma ya soko, chenye televisheni nne na viti vya plastiki. Vijana wanaingia, wanashika pedi, wanacheza mpira, mbio za magari, au vita. Gemu zenyewe zinasema Kiingereza. Fikiri alikuwa anakaa pembeni na kipaza sauti, anawatafsiria na kuwachangamsha: huyu ni nani, anamwinda nani, kwa nini gari linaungua. Ni kazi ileile aliyoiona akiwa mtoto kule kambini Tanzania, kwenye kibanda cha video, yule jamaa aliyekuwa akitafsiri filamu za kupigana na kutia chumvi zake. Vijana walimwita DJ. Watu walitoka hadi Giheta kuja kumsikiliza, wengine bila hata kushika pedi. Nilikwenda mara moja. Alikuwa anachekesha, Dada. Alimpa jambazi wa kwenye gemu jina la mwalimu wake wa hesabu.

Kelele zilianza kabla ya hili lililomkuta. Mama mmoja alimfuata mwanawe kibandani akakuta kwenye kioo wanawake nusu uchi wanacheza dansi baa. Akaenda kwa mkuu wa mtaa. Kanisani wakalisema, msikitini wakalisema, na sisi redioni tukafungua simu. Niliendesha kipindi kile mimi mwenyewe. Mama mmoja alisema mwanawe alimuuliza kwa nini yule mwanamke hana nguo, naye akamjibu kwamba kwao kuna joto. Kijana mmoja akapiga: "Na baba zetu, wanaangalia nini kwenye simu zao? Mbona hao hamuwapigii kelele?" Mchungaji tuliyemwalika akaomba tuendelee na simu nyingine.

Hamisi naye alinikuta sokoni. "Stefano, watu wanasema mi niko na wanawake uchi dukani. Ningekuwa nao, ningekuwa bado nauza viberiti?" Nilimuuliza kama anajua gemu zile zimewekewa alama ya umri, kwamba si za watoto. Akanionyesha CD zake. Zote ni za kunakiliwa, zimeandikwa kwa kalamu, hazina maganda. Alama hiyo hakuna mtu hapa aliyewahi kuiona. Niliyaeleza hayo kwenye taarifa ya habari. Kikao cha wazazi kiliitishwa, na nilidhani mambo yataishia hapo: watoto wazuiwe kuingia, wakubwa waendelee.

Siku mbili kabla ya kikao hicho, wapagazi wa soko waliotoka Buraza waliingia kibandani. Hawasikii Kiswahili vizuri. Gemu ilikuwa ile ya askari wanaoingia nyumba kwa nyumba. Fikiri akaanza kama kawaida yake, kwa Kiswahili. Hamisi alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mmoja wao akapiga kelele: "We DJ, unatuhubiria Kiswahili cha Tanzania, sisi hatushike kitu! Sema kama mutu wa nyumbani!" Wenzake wakacheka. Mwingine akaongeza: "Haiwezi. Huyu iko mukimbizi, Kirundi alikiacha porini."

Unamjua mwanao. Neno hilo amelisikia tangu tuliporudi kutoka kambini. Akabadilisha lugha. Akawatangazia gemu nzima kwa Kirundi, nao wakamsikiliza.

Fikiri alikuwa na sheria yake, nami sikuijua mpaka nilipoongea naye kizuizini. Kirundi alikitumia kusalimia, kutania na kuomba maji. Kuua alikuwa anakusema kwa Kiswahili tu. Siku ile, alipofika pale askari wanapogonga mlango, hakuwa na maneno ya gemu kwa Kirundi. Alikuwa na maneno aliyopewa na bibi yake. Wewe na mimi tunayajua. Ni yale ambayo Mama alikuwa akiyarudia kambini tulipokuwa tukichambua maharage, kila alipofika kwenye ile asubuhi tuliyokimbia nyumbani: jinsi wauaji walivyoita kutoka nje, walivyotaja waliomo ndani mmoja mmoja, walichosema kuhusu watoto. Fikiri aliyasikia mara ngapi akiwa amekaa miguuni pake? Yalikuwa ndiyo Kirundi pekee cha jambo hilo alichokuwa nacho. Akayasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya bibi anapoigiza. Siyaandiki hapa.

Nyuma ya bati anaishi mjane, Mama Daforoza. Nilikwenda kwake nikiwa mjomba wa Fikiri, sikubeba kinasa sauti, na nilimwambia hivyo mlangoni. Akanipa kiti.

"Mi sina neno na ule mutoto," akasema. "Hata sura sikumuona. Mi nilisikia sauti."

Nikamuuliza alifikiri nini.

"Sikufikiri. Miguu ndiyo ilifikiri. Maharage iko kwa moto, nikaiacha. Nilibeba mujukuu, nikafika paruasi, kule kanisani, bila kiatu."

Nikamweleza kwamba ulikuwa mchezo wa televisheni.

"Bon, sawa. Ni muchezo. Sasa nani alimufundisha ile maneno? Ile haiko maneno ya televisheni, mwanangu. Mi naijua. Niliisikia kwa mulango wangu."

Nimeuliza watu maswali kwa miaka mingi na huwa najua la kusema wanaponigeuzia. Safari hii niliinuka, nikaaga.

Angebaki yeye peke yake, labda yangezungumzwa yakaisha. Lakini kijana mmoja kibandani alikuwa ameirekodi ile sauti kwa simu, kwa kufurahia tu, akaituma kwa rafiki zake. Sauti peke yake, bila picha. Jioni ilikuwa imefika kwenye makundi ya mitaa yote. Aliyeisikia hakusikia gemu. Alisikia kijana anaita watu watoke ndani ya nyumba, kwa Kirundi safi. Kuna waliofunga maduka. Kesho yake asubuhi Fikiri alichukuliwa akiwa anafagia kibanda. Anashtakiwa kwa kuchochea watu kuuana. Vibanda vyote vya gemu vimefungwa. Mashine za Hamisi zimebebwa kama ushahidi.

Kikao cha wazazi kilifanyika hata hivyo. Niliketi nyuma. Walizungumza juu ya wanawake wa kwenye kioo na juu ya damu, na kwamba vijana wameharibika. Jina la Fikiri lilipotajwa, mzee mmoja alisema, "Huyo si gemu, huyo ni kesi nyingine," wakaendelea na ajenda. Mkubwa wangu wa kazi ameniondoa kwenye habari hii. Ana haki. Ningemwondoa mwandishi yeyote mwenye ndugu ndani.

Fikiri haongei. Nilimpelekea wali na maharage, hakula. Ameniuliza swali moja tu: "Mjomba, ni kweli yule mama alikimbia bila viatu?" Nikamwambia ni kweli. Akageukia ukuta. Baadaye, nikiwa naondoka, akasema, "Nilibadilisha lugha tu." Tangu hapo kimya, hata kwa wakili.

Sasa elewa agizo la hakimu. Anataka kujua kama maneno yanatoka kwenye gemu au kwa kijana. Kwa hiyo gemu itawashwa mbele ya mahakama, Fikiri atapewa kipaza sauti, na ataambiwa aitangaze kama alivyofanya siku ile. Mama Daforoza ataketi mbele, kwa kuwa ndiye shahidi wa kwanza. Ameniambia hataki kijana afungwe. Anataka tu asiyasikie tena. Nimemweleza wakili, wakili amemweleza karani, na agizo halijabadilika.

Fikiri akiyasema, itaonekana kwamba hayamo kwenye gemu, yatakuwa yake. Akinyamaza, wakili anasema itachukuliwa kwamba amekiri. Kilichobaki ni mtu wa kueleza mahakama maneno yalitoka wapi. Mama tumeshamzika. Mimi nilikuwa mgongoni mwake asubuhi ile, sikumbuki kitu, na nilichonacho ni cha kusimuliwa kama cha Fikiri. Wakili anasema cha kusimuliwa hakitoshi. Wewe ulikuwa msichana wa miaka minane, na ulikuwa ndani ya nyumba.

Najua hujawahi kulisema jambo la asubuhi ile. Mama alipokuwa anasimulia, ulikuwa unainuka kwenda kuchota maji hata ndoo zikiwa zimejaa. Sikukuuliza nikiwa mtoto, wala sikukuuliza nilipokuwa mwandishi, na kazi yangu ni kuuliza. Ukija, hawatakuuliza kama Fikiri ni mtoto mwema. Watakuuliza wale wauaji walisema nini mlangoni, na itabidi uyataje, yule mama akiwa amekaa hatua chache kutoka ulipo. Siwezi kukuahidi kwamba yatamsaidia Fikiri. Wakili mwenyewe hanihakikishii. Inawezekana ukayasema bure. Nimetafuta njia nyingine, sijaiona.

Anayekuletea barua hii ni Baba Juma, mchuuzi wa maharage anayekuja Muyinga kila wiki. Ni mtu wa siri. Mpe jibu kwa mdomo, ndiyo au hapana, inatosha. Sitakuuliza sababu.

Msalimie shemeji, umwambie goti alipake mafuta, asingoje hospitali. Msalimie Neema, mdogo wake Fikiri, lakini usimwambie bado, atakwenda kuisikiliza ile sauti kwenye simu za wenzake. Mwalimu wa kwaya mwambie Fikiri hatakuwepo kwenye harusi ya mwanawe, atafute sauti nyingine ya besi. Jirani mwenye simu msalimie pia, bila zaidi.

Mafuta ya gari ni shida, kwa hiyo kama unakuja usingoje Jumatatu. Toka Jumapili baada ya ibada, panda pikipiki hadi Muyinga mjini, ulale kwa shangazi, upate gari la kwanza la kupitia Karuzi. Nitakuwa stendi. Kesi ni Jumanne, saa tatu asubuhi, na jina la kwanza kuitwa ni la Fikiri.

Mdogo wako,
Stefano