Siku Mama Alipongojea Garimoshi Kemondo

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na migomba bado inadondosha maji. Nimerudi kutoka Kemondo na tope miguuni, na moyo umejaa.

Nilikwenda na kaka yangu Deo, stesheni masta mstaafu. Mtu huyu hawezi kuona reli akapita bila kuzikagua, na hapa kwetu Kagera reli ni zile tu za bandari ya Kemondo: kipande kifupi kilichowekwa ili mabehewa yashuke kutoka kwenye meli. Zinaanzia majini, zinaishia ghalani, basi. Pana dirisha la tiketi, mizani ya kupimia kahawa, na kibanda cha kungojea chenye benchi la saruji. Naipenda stesheni hii isiyokwenda popote.

Kwetu ina historia yake.

Enzi za ujamaa Deo alichaguliwa kwenda Tabora kusomea kazi ya reli. Baba, Deo na mimi tulitangulia Bukoba kukata tiketi ya meli. Mama alibaki kijijini kwetu Buganguzi, kwa kuwa ilikuwa zamu yake kwenye shamba la kijiji na kukosa zamu ilikuwa kesi. Angetufuata kesho yake. Baba, mtu wa maneno machache, alimwachia agizo moja: njoo stesheni ya reli. Meli siku hizo ziliendeshwa na shirika la reli, kwa hiyo kwa baba stesheni ya reli ilikuwa bandari ya Bukoba, na agizo lilijitosheleza. Kwa mama pia. Alimwambia kondakta wa basi amshushe penye reli, naye akamshusha Kemondo, njiani kabla ya Bukoba.

Sisi tukamngoja bandarini Bukoba mpaka honi ya meli ikalia. Deo alipanda huku akitazama barabarani. Nilikuwa na miaka kumi, na naungama hapa, siku ile nilimchukia mama.

Alirudi nyumbani ametulia. Alisema meli ilisimama Kemondo kupakia ndizi, akamwona mwanawe, akampa akamwani, kahawa zetu za kutafuna, maana msafiri haondoki mikono mitupu. Kijiji kilicheka mbavu zikauma. Kwenda kungoja garimoshi Kemondo! Wakamwita Mama Garimoshi mpaka anazikwa. Na mimi nilicheka, miaka mingi.

Leo Deo alikaa kwenye lile benchi, akasema bila kunitazama:

"Koku, siku ile mimi nilikuwa natoroka."

Hakuwahi kulala mbali na nyumbani. Aliogopa Tabora, akaogopa zaidi kumwambia baba. Akaamua ashukie Kemondo, arudi kwa miguu. Alishuka na sanduku lake la bati mkononi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama, ameketi hapo tangu asubuhi na nguo yake ya misa, kikapu kidogo cha kahawa mapajani, macho kwenye reli.

Mama aliinuka, akampa kahawa.

"Umeshuka kuniaga, mwana wange," alimwambia. "Sasa twende, meli isikuache."

Akajitwika sanduku kichwani, akatangulia mpaka kwenye ngazi ya meli. Deo akamfuata.

Anamshukuru Mungu, alisema, kwamba mama hakugundua. Nikaitikia kwa kichwa.

Lakini njia nzima ya kurudi sikutulia. Anayeshuka kuaga tu, sanduku la nini? Na sanduku lile mama ndiye aliyelipanga, alijua uzito wake. Katika masimulizi yake yote hakulitaja hata mara moja. Angelitaja, kijiji kingeacha kumcheka yeye, kikaanza kumcheka Deo.

Kaka yangu yuko chumba cha pili, anakoroma kwa amani.

Nimwambie, au na mimi ninyamaze kama mama?