Nilimwamuru Mume Wangu Akae, Naye Akakaa

Shangazi Khainza, asalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Bugembe nikiwa nimesimama, kwa sababu tangu siku ya Iddi siwezi kutulia kitako, nikikaa nainuka, nikiinuka nafua nguo ambazo ni safi, na jirani yangu Jamirah ndiye aliyeniambia mwandikie yule Shangazi wa Mbale anayejibu watu gazetini kabla hujafua na mlango.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa na Muzafaru, Msoga, Mwislamu, fundi wa makochi, tuna binti mmoja, na kazi yangu ni askari wa geti kwenye ghala moja mjini Jinja, sare, buti, rungu, kila kitu. Kazini tunaongea Kiswahili, na siyo Kiswahili cha kubembeleza mtu. Siku ya kwanza ya mafunzo yule mkufunzi alitupanga sisi wanawake pembeni akasema, “Hiyo sauti yenu ni ya kuomba jirani chumvi. Toa ingine! Toa ya tumbo!” na nikaitoa, Shangazi, koo liliuma wiki nzima lakini nikaitoa, na leo dereva wa lori akisikia “Wewe! Simama hapo!” anasimama kwanza ndipo anatafuta ni nani, akiona ni mwanamke anacheka, lakini tayari amesimama.

Nikirudi nyumbani ile sauti naivua pamoja na buti. Kwa mume wangu naongea Kisoga, na Kisoga nilijifunza baada ya kuolewa, jikoni kwa mama mkwe wangu Nakisige, nikiwa nimepiga magoti kama inavyotakiwa, kwa hiyo Kisoga changu chote ni cha magoti, najua kusalimia, najua kushukuru, najua kuuliza kama chakula kimetosha, lakini sijui namna ya kumwambia mtu acha, hakuna aliyenifundisha na mimi sikuuliza. Kiswahili ndiyo lugha ya kwetu, sisi ni wa wale ambao mababu zao walikuja na jeshi kutoka Sudani wakabaki, na mama yangu alitulea kwa Kiswahili hicho hicho, njoo mama, kunywa chai mama, pole mama, na mimi binti yangu Nuriat namlea hivyo hivyo.

Sasa siku ya Iddi watu walikuja kula kwetu, wanaume kwenye viti, sisi kwenye mkeka, na Muzafaru akaanza kubishana na mdogo wake Kirunda juu ya mpaka wa shamba alilowaachia marehemu baba yao, Kirunda akasema neno ambalo siwezi kuliandika, Muzafaru akainuka, akashika miguu ya kigoda na kukiinua juu ya kichwa cha ndugu yake. Shangazi, nilitafuta neno la Kisoga. Wallahi nililitafuta, kinywa kikafunguka hakuna kitu, na kilichotoka ni cha getini: “Wewe! Weka chini! Kaa!”

Akaweka. Akakaa. Kirunda naye akakaa, baba yao mkubwa Hajji Asuman aliyekuwa amekaa tangu asubuhi akanyoosha mgongo, mama mkwe aliyekuwa anaingia na sinia la pilau akajitupa kifudifudi mikono kichwani, pilau ikammwagikia mgongoni, tukamwinua, na wageni wakaanza kutafuta viatu vyao.

Na nikuambie jambo ambalo hata Jamirah sijamwambia. Alipokaa, nilisikia raha. Kidogo tu, halafu nikaona macho yake.

Kesho yake vijana wa boda boda wa hapa kwetu walikuwa wamejua. Muzafaru akipita wanasimama wima wanampigia saluti, “Bwana, afande amekupa ruhusa ya kutoka?” na yeye ni mtu wa haya, alikuwa anacheka nao, sasa anapita njia ya nyuma. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Hiyo sauti ni ya mwanaume. Mimi nilioa mwanamke. Kama iko wanaume wawili kwa hii nyumba, moja atoke.” Nimemwomba radhi, nimepiga magoti mpaka goti limechubuka, anageukia ukuta. Nilimuuliza Ojwang, mwenzangu wa getini, kwamba wewe sauti yako ukitoka kazini unaiacha wapi, akacheka sana, “Mimi naenda nayo nyumbani. Bibi anasikia, watoto anasikia. Iko shida gani?”

Jumamosi Hajji Asuman anakuja na wazee wengine wa ukoo, na mbele yao natakiwa niape kwamba naacha kazi ya geti na kwamba Kiswahili hakitasikika tena ndani ya nyumba, hata kwa mtoto, na nikikataa nifunge nguo zangu nirudi kwetu. Nampenda Muzafaru, siyo mtu mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini tangu hapo sijui niongee vipi, getini naanza kupaza sauti inakatika katikati, juzi lori lilipita bila kusimama na msimamizi akaniuliza kama naumwa, na nyumbani naogopa kufungua mdomo nisije nikatoa ile nyingine, Nuriat namlisha kimya naye ananitazama mdomo tu. Shangazi, kati ya hizi sauti ipi ni yangu? Niape au nisiape? Nijibu haraka, natembea uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Shadiah, Bugembe

* * *

Shadiah, aleikum salaam. Vuta kigoda ukae. Siyo amri, mwanangu, ni kiti tu.

Pole. Nimekusoma nikiwa hapa Namakwekwe, Mbale, na chai ikapoa. Tuanze na huyo bwana, kwa kuwa ndiye aliyejaza karatasi yako. Sisi Wamasaba kijana wetu siku ya tohara anasimama mbele ya kisu, ukoo mzima unamkodolea, na hatakiwi kupepesa jicho. Nimewaona wengi waliosimama vizuri mno. Halafu neno moja la mke linawaangusha kitandani wakitazama ukuta! Lakini usimcheke, na wale wa boda boda waambie nimesema wanyamaze. Aibu ya mwanaume mbele ya ndugu zake inauma kweli, na Muzafaru ana haki ya kuumia. Haki ya kukukata ulimi hana.

Eti sauti ya mwanaume. Ojwang anayo, anaipeleka nyumbani kila siku, mke anatetemeka na watoto wanajibanza, naye anaitwa baba mwenye nyumba. Wewe umeitoa mara moja kuokoa kichwa cha mtu, unaitiwa wazee. Hebu huyo Hajji Asuman ajibu: kigoda kile kingeshuka, Jumamosi wangekutana kwenu kwa shauri gani? Wangekuja na sanda. Na yeye mwenyewe, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameketi pale. Kisoga anakijua chote. Mbona hakusema?

Kisoga usikisingizie. Wanawake wa Kisoga neno la acha wanalo, nimewasikia sokoni Jinja wakilitoa na mteja akarudisha nyanya alizokuwa anabonyeza. Wewe hukufundishwa kwa sababu ulifundishwa kuwa mkwe, na mkwe hupewa maneno ya kupokea tu. Miaka yote umeishi humo bila kuuliza mengine. Hilo ni kosa lao nusu, na nusu ni lako.

Unaniuliza sauti ipi ni yako. Mbona huniulizi mkono upi ni wako, ule unaoshika rungu au ule unaomlisha Nuriat? Zote ni zako, na ya magoti pia. Ila ile raha uliyoisikia mumeo alipokaa, ichunge, binti yangu, ichunge sana. Nakusifu kwa kuisema. Waliovaa buti kabla yako nao walianza kwa kuionja kidogo, na nchi hii inajua waliishia wapi.

Sasa nikukaripie, maana huruma yangu imefika mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mume, mume, mume. Mume kageuka ukutani, mume anapita njia ya nyuma. Mwanamke mzima amejitupa chini na pilau ya moto mgongoni, mikono kichwani, na wewe umempa nusu ya sentensi kisha ukaendelea na wageni na viatu vyao! Tangu Iddi umemwomba radhi nani? Aliyeinua kigoda. Goti limechubuka kwa ajili ya aliyeinua kigoda. Nakisige umemwendea lini?

Mimi umri wangu na wake nadhani haupishani sana. Wakati wanajeshi walipotawala nchi hii tulikuwa wasichana, na maneno hayo uliyotoa tuliyasikia barabarani, kwa lugha hiyo hiyo, kwa sauti hiyo hiyo ya tumbo. Gari linasimamishwa, mnaambiwa shukeni, kaeni, na aliyechelewa kujitupa chini hakuinuka tena. Mimi mwenyewe mpaka leo mtu akinipigia kelele kwa Kiswahili kwa nyuma, nimeshachuchumaa kabla sijageuka, na angalia ninaandika kwa lugha gani. Mama mkwe wako siku ile hakumsikia Shadiah. Alisikia kizuizi cha barabarani kikiingia sebuleni kwa mwanawe siku ya Iddi, kutoka kwa msichana aliyemfundisha mwenyewe kusema asante.

Hukukusudia, najua. Lakini hilo ndilo jeraha la siku ile. La Muzafaru ni mchubuko.

Basi fanya hivi. Jumamosi usiape. Piga magoti uwasalimie wazee vizuri, kisha useme kwa Kisoga chako hicho hicho cha upole kwamba huwezi kuapa kuacha lugha ya mama yako, na kazi hutaiacha. Ahidi kile unachoweza kutimiza: sauti ya geti haitaingia tena ndani ya nyumba, isipokuwa siku mtu atakapoinua kitu juu ya kichwa cha mtu. Na Muzafaru naye aahidi hakitainuliwa, na amwombe Kirunda msamaha pale pale, mbele ya hao hao. Akikuambia ufunge nguo, funga bila haraka, nenda kwenu, na Nuriat uende naye. Lakini mtu wa haya anayecheka na vijana wa boda boda sidhani atafika huko. Anasubiri tu mtu amfungulie mlango wa kurudi bila kuinama sana. Mfungulie.

Ila kabla ya Jumamosi, kesho, ukitoka kazini, vua sare na uende kwa Nakisige. Nenda peke yako. Mkute jikoni, pale pale alipokufundishia, na upige magoti, safari hii goti lina sababu. Mwombe radhi kwa Kisoga chake. Muulize alimkumbuka nani siku ile, na kama hataki kusema usimchimbe, kaa naye. Halafu mwombe akufundishe lile neno la acha. Atacheka au atalia, yote mawili ni sawa, na ukimpata huyo upande wako, wale wazee wa Jumamosi hawatakuwa na la kusema.

Mwisho, chemsha chai. Usimtume mtu, chemsha mwenyewe. Mpe kikombe kwa mikono miwili, na useme kwa Kiswahili, polepole, kama mama yako alivyokuwa akikuambia: kunywa chai, mama. Pole, mama. Kisha unyamaze umwache anywe. Bibi yule amezeeka, Shadiah, na sina hakika kama kuna mtu amewahi kumsemesha kwa lugha hiyo na kumwacha ameketi.

Shangazi Khainza, Namakwekwe