Mgongo wa Mzee Kulwa

Ipuli, Tabora

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba, mwanangu. Hapa tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike. Umeniuliza, kutoka huko chuoni unakosomea udaktari, daktari atajuaje chanzo cha maradhi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa muuguzi wa zahanati kijijini, upande wa Urambo. Mzee Kulwa, mkulima wa tumbaku, aliumwa mgongo. Vidonge alimeza, nafuu hakuona. Shamba la kijiji likamshinda, wenzake wakaanza kumwita mvivu, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Siku moja nikamwambia, "Mzee, tembea hadi mlangoni, urudi."

Akakasirika. "Binti, naumwa mgongo, siyo miguu!"

"Nimekusikia, baba. Tembea tu."

Akatembea, nikaona kifundo cha mguu wa kushoto hakikunjiki, naye anaupinda mwili wote asikielemee. Kumbe aliwahi kuanguka mtini akirina asali, akadhani amepona. Nikawa nakikanda kwa maji ya moto, nikamfundisha na mazoezi ya nyumbani. Mwili ni kitu kimoja, Mwajuma. Mguu ukikwama, mgongo ndio unaobeba. Taratibu kifundo kililegea, na mgongo ukatulia.

Msimu wa kupanda tumbaku alirudi shambani, mbele ya wale wale waliomcheka. Kisha akaja zahanati na mkewe.

"Huyu anaumwa kichwa," akasema. "Atembee?"

Nikacheka. "Kwanza akae, anieleze mwenyewe."

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea macho yenye subira.