Kuku Walionifuata Kanisani

Mjukuu wangu Stela, mke mwenzangu,

Huku Mandawa tu wazima, ufuta umekomaa, na mume wetu, babu yako, anakusalimu.

Umeuliza kama siogopi kansa kurudi baada ya kukatwa titi. Naogopa, mama, ndiyo maana siku ya kliniki sikosi. Lakini Jumapili ya kwanza baada ya kidonda kupona, nilitia kifuko cha ufuta kwenye sidiria ili gauni likae sawa. Njiani kikatoboka. Nikaingia kanisani na kuku nyuma yangu, wakidonoa nilikopita. Babu yako alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu nitoke hospitali.

Siku hizi nakishona mara mbili, lakini kuku bado wananifuata kwa matumaini. Nami nazifuata siku zangu vivyo hivyo.

Mke mkubwa,
Bibi Agnesi